Mgonjwa wa Namba Saba

"Namba saba haiko," alisema Anselme.

Aliketi kwenye benchi bila kungoja kukaribishwa, akavua kiatu cha kushoto na kukikung'uta. Vumbi jekundu likatua sakafuni. "Nimeita jina yake mbele ya kila mulango ya ile avenue. Jina yote, sawa inaandikwa. Hawamujue."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Kalamu ya Joyeuse, juu ya meza ya Joyeuse, ndani ya kituo cha afya cha Joyeuse, maana yangu ilikauka wino asubuhi ileile. Mbele yangu palikuwa na karatasi yenye mistari kumi, na kila mstari una visanduku viwili vya kuweka msalaba: présent na introuvable. Présent ni aliyepo, introuvable ni asiyepatikana. Katika kazi yetu neno hilo lina maana moja tu: mgonjwa huyo hakuwahi kuwepo, muuguzi alimbuni ili tarakimu zake zinone.

"Hakuna hata mutu moja alisema kitu?" niliuliza.

"Muzee moja mwanamuke. Alikuwa anachambua maharagi kwa mulango. Kitenge ya manjano, iko na picha ya tausi. Nikamuuliza: Mbambu Katsuva Annette iko hapa? Akaangalia karatasi. Miye hakuniangalia hata kidogo. Akasema: Ule mama alihama, alirudi kwabo Butembo."

Kile kitenge cha tausi nilikinunua mimi, soko kuu la Bunia, Noeli iliyokuwa imepita. Mbambu Katsuva Annette ni mama yangu mzazi. Hajahama mahali popote, na Butembo hajakanyaga tangu nilipokuwa msichana.

Nyuma ya ukuta nilimsikia Joyeuse akipima uzito wa watoto na kucheka na mama zao. Anselme alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Ningeweza kusema neno moja tu pale, na mambo yote yaliyofuata yasingefuata.

Ngoja nirudi nyuma, maana mtu akisikia mpaka hapo ataniona kichaa, nami sikuwa kichaa. Nilikuwa na wivu. Wivu si kichaa, mwenye wivu anajua vizuri sana anachokifanya.

Joyeuse nilimleta nyumbani mimi mwenyewe. Tulikuwa mwaka wa kwanza wa shule ya wauguzi, yeye ametoka pande za Mahagi, kando ya ziwa, na mjomba aliyepaswa kumpokea alikuwa amehamia Kisangani bila kumwambia mtu. Nilimkuta amekaa juu ya valizi yake mbele ya shule, anakula mihogo mibichi, anacheka peke yake. Nikamwambia twende kwetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo hiyo niliivaa kwa mikono yangu miwili, na vifungo nikavifunga.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu alikuwa mjane mwenye kibanda cha kuuzia mafuta na chumvi, mtu mkali, wala hakuwahi kumchekea mtoto bure. Joyeuse alikaa kwetu miaka minne na jembe sikuliona. Mama alijifunza kupika samaki wakavu wa ziwani kwa ajili yake, yeye aliyekulia kwenye maharagi na viazi vya milimani. Kichwa cha samaki, sehemu ya heshima, kiliwekwa kwenye sahani ya Joyeuse. Tulikuwa na pasi moja ya makaa, na asubuhi mama alinyoosha bluzi mbili nyeupe. Ya Joyeuse ilitangulia, makaa yakiwa moto. Yangu ilikuja baadaye, pasi imepoa, na kola ikabaki na mikunjo. Nani atakumbuka kitu kama hicho baada ya miaka ishirini? Mimi.

Kwetu mwanamke haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake, ndiyo heshima. Mama yangu alikuwa Mama Adeline, kwa sababu Adeline ndiye mimi, mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Lakini kufika mwaka wa pili, majirani wapya wakimwona anarudi sokoni na yule msichana mcheshi kando yake, walianza kuita, "Mama Joyeuse, karibu." Mama alikuwa anaitikia. Mimi nikatoka ndani mbio kusahihisha: "Ni Mama Adeline." Walicheka, wakasema pole. Kesho yake wanasema vilevile.

Shuleni nilimshinda. Kote zangu, yaani alama, hazikushuka chini ya asilimia sabini na tano, za kwake zilipanda hadi sitini kwa jasho. Nilifikiri maisha nayo yatasahihishwa na walimu walewale.

Miaka ikapita. Wote wawili tukawa titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mimi upande huu wa mto Nyamukau, yeye ng'ambo, kwenye avenue, mitaa iliyojaa watu waliokimbia vijiji vyao. Kituo changu kilikuwa na sakafu ya kigae. Frigo ya chanjo ilifanya kazi. Rejista yangu niliipiga mistari kwa rula, wino wa bluu kwa majina na mwekundu kwa vifo, na mkaguzi mmoja aliwahi kuishika na kuuliza kama anaweza kuwaonyesha wengine. Kwa Joyeuse mvua ilivuja kwenye pembe ya chumba cha kuzalishia, wakaweka beseni. Na bado wanawake wa upande wangu, wanawake wa avenue yangu, walipita mbele ya geti langu wakiwa na watoto mgongoni, wakavuka daraja, wakaenda kwake.

Nilisimama dirishani kuwahesabu. Siku moja walifika kumi na mmoja kabla ya saa nne. Nilimsimamisha wa mwisho, mtoto wake anawaka homa hata mimi niliyesimama hatua mbili niliona.

"Mama, unaenda wapi na huyu mutoto?"

"Naenda tu ng'ambo, kumusalimia Muganga Joyeuse."

Kumsalimia. Na mtoto ana malaria. Niliingia ndani, nikafuta meza ambayo ilikuwa safi. Roho iliniuma siku nzima, na usifikiri iliniuma kwa ajili ya yule mtoto.

Ndipo ikaja kazi ya kupima ubora. Ofisi ya zone ya afya ilituita wote, wakatueleza kwamba kila miezi mitatu kila kituo kitapimwa na watu wawili: titulaire wa kituo kingine, na mtu wa nje asiyejua mtu. Wataangalia dawa, choo, sabuni, sindano. Halafu watachukua majina kumi kutoka kwenye rejista na kuwatafuta wenye majina hayo majumbani mwao. Ulitibiwa kweli? Ulipokelewaje? Wakikosekana wawili, si neno, watu huhama. Wakikosekana watatu, kituo kinaandikwa kwa rangi nyekundu na titulaire anaondolewa. Kazi hiyohiyo ilifanywa kwenye shule wiki moja kabla, na watu wa nje walikuwa walewale. Mmoja wao ndiye Anselme, mwalimu kutoka Mambasa, mtu mnyofu mwenye sauti nene. Alinisimulia alivyopima shule: anashika rejista ya darasa, anasoma jina kwa sauti, mtoto anasimama na kusema présent. Asiyesimama, hayupo. Kazi safi kabisa, alisema, mpaka saa sita umemaliza shule mbili.

Vituo tulivigawa kwa kuchota vikaratasi kwenye kofia ya mlinzi. Nilipofungua changu nikasoma jina la kituo cha Joyeuse. Mkubwa wa ofisi aliuliza, "Kuna mwenye ndugu kwenye kituo alichopata? Aseme sasa." Niliangalia kucha zangu. Joyeuse si ndugu yangu, nilijiambia, hatukunyonya ziwa moja. Hata kama mama yangu angesema vingine.

Alitupokea mlangoni. "Dada, leo unakuya kunipima weye?" Akanikumbatia na koti lake lililonuka sabuni ya unga. Alikuwa amenenepa kidogo na ilimpendeza, na hilo nalo liliniudhi. Dawa zilikuwepo. Sabuni ilikuwepo. Beseni lilikuwa pale pale chini ya dari, nikaliandika kwa furaha. Kisha nikafungua rejista, mwandiko umelala kama majani yaliyopigwa na mvua, nikaanza kuhesabu: kila jina la ishirini, ndivyo tulivyoagizwa. La kwanza, la pili. La tano alikuwa Mbusa fulani, mwenye kidonda cha mguu. La sita mama mjamzito.

La saba: Mbambu Katsuva Annette, miaka sitini na minne, tansio. Ziara ya tisa.

Nilisoma mara tatu. Mbambu ni jina la kufuata zamu ya kuzaliwa, akina Mbambu wako wengi Bunia. Lakini Katsuva, na Annette, na miaka, na avenue? Ziara ya tisa. Miezi tisa mama yangu amevuka soko lote kwenda kunyoosha mkono wake apimwe tansio, yaani presha ya damu, na Joyeuse, na mimi, binti yake, muuguzi mwenye sakafu ya kigae, kila Jumapili nikimuuliza unajisikiaje ananijibu niko muzima. Mimi nikiamini.

Joyeuse aliona kidole changu kimesimama. Aliinama, akasema kwa sauti ndogo ili Anselme asisikie, "Adeline, alinikataza. Aliniapisha."

"Tuendelee na kazi," nilisema.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya nilichofanya, na sikukifanya kwa mkono bali kwa kunyamaza.

Ng'ambo ile wanakaa watu waliotoka Gety, watu waliotoka Aveba, watu waliotoka vijiji ambavyo havina tena paa. Watu hao wanajua karatasi yenye majina ni kitu gani. Walishawahi kuona mgeni akifika na orodha, anasoma jina kwa sauti, na aliyeitika hakulala tena nyumbani kwake. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Mama yangu naye, anayekaa ng'ambo hiyohiyo ingawa si wa vijiji hivyo, alikuwa mjini hapa miaka hiyo mibaya, na yaliyompata baba yangu yalianza na mtu kusoma jina mlangoni. Kwa hiyo ukienda pale na kuita Fulani wa Fulani, jina zima, hata mwenyewe akiwa mbele yako na ufagio mkononi, atakwambia huyo mtu hayuko. Hadanganyi. Anaishi.

Kuna namna ya kumtafuta mtu ng'ambo, na kila mwenyeji wa Bunia anaijua. Karatasi unaiacha mfukoni. Unapiga hodi, unasalimia, unaketi. Unauliza habari ya mahindi, ya kuku, ya mtoto aliyekuwa anakohoa. Ukiulizwa nani amekutuma, ndipo unasema, Muganga Joyeuse anakusalimia. Halafu unauliza Mama Fulani anakaa wapi. Wanakupeleka mpaka kitandani kwake.

Niligawanya majina katikati, matano kwangu, matano kwa Anselme. Namba saba niliiweka kwenye karatasi yake. Sikutaka kufika mbele ya mama na kalamu. Hilo peke yake lingesameheka.

"Nafanya je kule?" Anselme aliniuliza. "Miye siko mutu wa hapa."

"Soma jina lote kwa sauti, kama lilivyoandikwa," nilimwambia. "Ndiyo règlement."

Na kweli ndiyo ilikuwa règlement, kanuni ya kazi, ukurasa wa nne, mtu akitaka aende akasome. Sikumdanganya hata neno moja. Alienda na sauti yake ya darasani.

Mimi matano yangu niliyapata yote. Kwa Mama Arielle, ambaye kwenye karatasi alikuwa na majina matatu marefu ambayo hakuna jirani aliyewahi kuyasikia, nilikaa nusu saa, nikala ndizi ya kuchemsha, nikaangalia kuku wake mwenye jicho bovu. Aliponiuliza nimetumwa na nani, nilitoa ile sentensi, Muganga Joyeuse anakusalimia, na uso wake ukafunguka. Sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni asubuhi nzima, nikaitumia mara tano, na Anselme sikumpa hata mara moja.

Basi nikarudi mezani, naye akarudi na vumbi lake. Kati ya matano yake, wawili walikuwa wamekosekana. Namba saba ikawa ya tatu.

Ningesema, yule bibi wa maharagi ndiye mwenyewe, ni mama yangu, twende turudi. Badala yake nilimfikiria akiwa kwenye benchi hili la Joyeuse, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa, amekaa raha mustarehe, anasimulia mambo ambayo mimi hakuwahi kunisimulia. Nilifikiria kichwa cha samaki. Nikaweka msalaba chini ya introuvable. Msalaba ulinyooka vizuri kuliko yote.

Matokeo yalitoka wiki iliyofuata, yakabandikwa ukutani ofisini. Nyekundu. Wagonjwa wa hewa, watu walisema, kumbe ndiyo maana kituo chake kilijaa.

Joyeuse alikuja kwangu jioni, akasimama getini, hakutaka kuingia.

"Bale batu batatu," alisema, "mulibatafuta muzuri?"

"Tulifuata règlement."

"Na namba saba?"

"Namba saba naye."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua anachoweza kufanya: kumshika mama mkono, kumpeleka ofisini, kusema huyu hapa, présent, na huyu aliyeweka msalaba ni binti yake. Ningefukuzwa kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa tayari nimetafuta maneno ya kujitetea, na mengine ya kumtukana.

Alifungua mkoba wake akanipa fishi, ile kadi ya matibabu iliyokunjwa mara mbili. "Dawa yake itaisha tarehe kumi na mbili. Asikose hata siku moja, ile tansio yake ni mubaya. Sasa ni weye utamupatia."

Akaenda. Hakushitaki, hakumsemea mtu. Walimhamishia Aveba, msaidizi chini ya titulaire mwingine, akapanda pikipiki na valizi yake, nikasikia alicheka na dereva. Unajua kilichonichoma? Hata katika kuonewa alinishinda.

Ile fishi nilikaa nayo mfukoni mwa koti. Kumpelekea mama dawa ni kumwambia nilisoma jina lake. Tarehe kumi ikafika, kumi na moja. Jumapili baada ya misa nikaenda, dawa ndani ya mkoba. Alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya mlango, ungo wa maharagi mapajani, kitenge kilekile cha manjano.

"Mama Arielle anasema ulifika kwake," alianza, kabla sijaketi. "Na karatasi."

"Ilikuwa kazi, mama."

"Anasema ulimusalimia muzuri sana. Ulikula mpaka ndizi."

"Ndiyo, mama."

"Kutoka kwake mpaka hapa, iko mbali?"

"Haiko mbali."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharagi, akalitupa. Nilitaka anipige. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananipiga, na likiisha, limeisha.

"Kwa nini haukukuya kwangu?" nilimuuliza, na sauti yangu ikawa ya mtoto, niliisikia mwenyewe. "Mara tisa, mama. Kwake mara tisa."

"Kwako napimwa," alisema. "Kule nilikuwa nasalimiwa."

Nikatoa dawa, nikaziweka kwenye ukingo wa ungo. Aliziangalia kama alivyoangalia karatasi ya Anselme.

"Ni za nani?"

"Zako. Za tansio."

"Za Mbambu Katsuva Annette?" Alisema jina lake lote, polepole, na sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Ule mama alihama. Alirudi kwabo Butembo."

Akazisukuma kwa mgongo wa mkono, akaendelea kuchambua.

Kituo cha ng'ambo kikapewa titulaire mpya, kijana msafi mwenye diploma, akakaa na benchi tupu. Habari ilikuwa imezunguka: majina yanatoka kwenye kile kituo na kutembea mitaani kwenye karatasi. Nani tena ataandikisha jina lake pale? Watu wakaanza kuja kwangu. Kila siku walivuka daraja kuja huku, kumi, ishirini, na mimi dirishani nikiwahesabu. Walikaa kimya. Walinipa majina mafupi, mengine ya mtaani tu, nikayaandika kwa wino wa bluu. Ndicho nilichokuwa nikikililia miaka yote, benchi limejaa, na nilipokipata nilikuta hakuna anayecheka.

Mama hakuja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila Jumapili nilipeleka dawa, kila Jumapili nilirudi nazo. Niliona mguu wake wa kushoto unaanza kuburuta. Nilimwomba, nililia, nilimletea padri. Alitupokea sote vizuri, akatupikia chai. Kuhusu yule mama wa tansio alisema hamjui.

Mwezi wa nne, siku ya Jumanne, nikainua kichwa kutoka kwenye rejista nikamwona kwenye benchi. Amekaa wa tisa kwenye foleni, fimbo katikati ya magoti. Nilinyanyuka nimlete mbele. Alinifanyia ishara ya mkono nikae. Nikahudumia watu wanane bila kujua nilichowaandikia. Msaidizi wangu, Suzanne, mwanamke makini aliyekuwa hapa kwa mwezi mmoja tu na hajui ya nyuma, alikuwa kando yangu akishika kifaa cha tansio.

Zamu yake ilipofika, mama aliketi mbele yangu, akakunja mkono wa bluzi mwenyewe. Alikuwa ananuka moshi na mafuta ya mawese.

"Jina?" aliuliza Suzanne.

Mama aliniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili aliniangalia usoni.

"Andika Mama Joyeuse."

Kalamu ilikuwa yangu safari hii, na wino ulikuwepo. Suzanne alingoja. Wale waliobaki kwenye benchi walingoja. Nikaandika. Mama Joyeuse, miaka sitini na minne, tansio, ziara ya kwanza. Tulipompima ilikuwa ishirini na moja kwa kumi na mbili, yaani mia mbili na kumi kwa mia na ishirini, hata sijui alitembeaje kutoka kwake. Nilimpa dawa. Akazifunga kwenye pindo la kitenge, akasema asante muganga, akaondoka kwa fimbo yake.

Robo ya mwaka ilipozunguka, kituo changu nacho kikapimwa tena. Wakaja wawili, wakahesabu dawa, wakasifu kigae. Wakachota majina kumi, nami nilisimama kando nikimwona yule bwana akihesabu kwa kidole, kila jina la ishirini. La nne lilikuwa la mama. Karibu nimwambie aruke.

Walirudi saa nane, wamefurahi. "Ule ndiye tulipata wa kwanza," yule bwana alisema. "Avenue yote inamujua. Tulisema tu Mama Joyeuse, batu kumi wakatuonyesha mulango, na mwenyewe akatoka, akasema: Ni miye."

"Mulimuuliza alipokelewa namna gani?"

"Alisema: Muzuri."

Nilipata kumi kwa kumi. Hakuna kituo kingine katika zone kilichopata hivyo mwaka ule, na wakanipa cheti chenye muhuri, Suzanne akakitundika ukutani, juu ya benchi la wagonjwa, ili kila anayeingia akione. Mama anakuja kila mwezi, hakosi. Anakaa chini ya cheti kile kama wenzake na kungoja zamu. Nikifika kwenye mstari wake naita jina kama lilivyoandikwa, kwa sauti, mbele ya watu wote, naye anaitika.